Paa la Nyasi la Bibi Tatu

Isevya, Tabora
14 Oktoba 1972

Kaka Nassibu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kile kifua kilichokusumbua mwezi wa sita kimepoa kwa hewa ya ziwa ya huko Mwanza. Sisi huku hatujambo. Baba hajambo, ila mguu wa kulia unamuuma kwa kukanyaga cherehani. Mama hajambo. Bibi Tatu hajambo kutushinda wote; juzi amegombana na muuza mkaa na mkaa ukashushwa bei. Mvua bado, na vumbi la Isevya linaingia hadi kwenye chumvi.

Barua yako niliipata. Kama kawaida yako ilikuwa na mistari sita, mitano yote salamu. Ule wa sita ndio unaoninyima raha siku ya tano sasa. Umesema watu wa filamu wa Dar es Salaam wamekuandikia uende mwezi wa kumi na mbili ukasimame jukwaani kwa ajili ya kitabu chako, na Baba naye amekuandikia ukurasa mzima wa pongezi, kisha ukaniuliza: Batuli, kitabu gani?

Nitakujibu, Kaka. Wallahi nitakujibu humu humu kabla karatasi hazijaisha. Lakini unanijua. Hata nikitumwa chumvi dukani, kwanza nazunguka nyumba mara mbili nikijizoeza namna ya kuiomba. Basi niache nizunguke kidogo.

Na kuna jambo lingine. Unajua desturi ya nyumba yetu kwamba barua haifungwi mpaka Baba aisome na kuongeza mistari yake chini. Ndiyo maana barua zangu zote ulizowahi kupata zilikuwa safi kama kanzu ya Idi. Hii naiandikia chumbani kwa Bibi. Nimenunua bahasha yangu mwenyewe, nimeificha ndani ya kitabu cha Jiografia, na Jumatatu nikienda shule nitapitia posta.

Kitabu chenyewe kinaitwa Msimu Ujao Tutarudi. Kina kurasa themanini na nne, kimepigwa kwa mashine ya stensili, na jalada lake la karatasi ya kaki limeshikwa na pini tatu. Kilitokana na kisomo cha watu wazima. Wewe ulikuwa umeshakwenda kambini, JKT. Ofisi ya elimu ilitangaza kwamba watu wazima wanajifunza kusoma lakini hawana cha kusoma, basi mwenye hadithi ailete. Ikapelekwa hadithi ya familia ya Kimanyema iliyotoka Kasongo, ng'ambo ya ziwa la Kigoma, ikavuka kwa mtumbwi mpaka Ujiji, kisha ikaifuata njia ya misafara kwa miguu siku ishirini na sita mpaka Tabora. Baba wa familia alikuwa akiikimbia kodi ya Mbelgiji. Alisema watapumzika hapa msimu mmoja kisha warudi kwao. Kwa hiyo hakujenga nyumba ya maana. Alisimamisha miti, akakandika udongo, akaezeka nyasi. Binti yake alikuwa amebeba kuku ndani ya tenga, akatembea naye kichwani njia nzima, na kuku huyo alikatazwa kuchinjwa kwa kuwa naye alikuwa wa kurudi. Msimu ukaja, ukapita. Kuku akafa kwa uzee.

Unaijua hadithi hiyo, ni yetu. Hata hilo paa unalijua, umelala chini yake mara ngapi huku umekumbatia sufuria la kukingia matone. Isevya nzima imeezeka bati, sisi tu ndio tunaoitwa "wale wa nyasi". Baba anamsihi Bibi tangu mwaka wa Uhuru, na jibu ni lile lile: aliyeijenga nyumba hii aliijenga ya muda, na itabaki ya muda.

Kitabuni majina yamebadilishwa. Binti anaitwa Siwema, na fundi cherehani amefanywa fundi viatu. Hakudanganyika mtu. Imakulata, yule rafiki yangu wa Kinyamwezi ninayesoma naye, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikisoma kwa siku moja akaja mbio kuniuliza kwa nini sikuwahi kumwambia habari za kuku.

Sasa nikueleze sura ya tisa, maana ndiyo mzigo wenyewe. Sote tumekua tukiambiwa kwamba mwaka wa pili msafara wa kurudi Ujiji ulikuwa tayari, vitu vimefungwa, kuku yumo tengani, halafu Bibi akashikwa na homa kali. Msafara ukaondoka bila wao, na hawakupata mwingine. Kitabuni hakuna homa. Siwema alikwenda kwa mpagazi mmoja wa Ipole akaomba kipande cha tumbaku mbichi, akakitafuna na kumeza maji yake mpaka akawa anatetemeka na kutapika. Alifanya hivyo kwa sababu nyumba ya pili palikuwa na kijana aliyekuwa akijifunza ufundi, ambaye siku moja alimwonyesha namna ya kutunga uzi kwenye sindano, na yeye Siwema akajifanya hajaelewa ili aonyeshwe tena.

Ndiyo hiyo, Kaka. Hatukurudi kwa sababu ya Babu.

Bibi naye alijiandikisha kisomo. Yeye anayesoma Kurani na kuwaandikia jamaa zake Ujiji kwa herufi za Kiarabu! Alilalamika kwamba herufi za Kizungu zinatembea kinyumenyume, lakini alikwenda, na darasa lake likagawiwa kitabu hicho hicho. Akawa anakisoma barazani kwa sauti, kidole juu ya neno, Baba anashona na kusikiliza. Ilimchukua miezi mitatu. Siku alipofika sura ya tisa mimi nilikuwa nachambua mchele pale pale. Alianza, akanyamaza. Midomo ikawa inacheza bila sauti. Kisha akafunga kitabu na kuomba maji ya kunywa. Mimi niliacha ungo, nikakimbilia msalani, nikajifungia humo mpaka adhana ya alasiri. Kesho yake akaendelea na sura ya kumi kana kwamba hakuna kitu. Baba alisema tu kwamba naona huyo binti amepona haraka.

Mwaka jana Mwalimu Justus wa shuleni kwetu akakigeuza mchezo wa kuigiza kwa ajili ya Saba Saba. Imakulata akawa Siwema. Sura ya tisa Mwalimu aliikata tangu mwanzo, akisema msichana anayetafuna tumbaku si mfano mzuri kwa wanafunzi, nami nikashukuru kimyakimya. Halafu Ndugu Jilala, katibu wa tawi, akaja kuangalia mazoezi. Akasema mchezo ni mzuri sana, ila watu wake wanawaza kurudi walikotoka wakati taifa linajengwa hapa. Akashauri mwishoni familia ihamie kijiji cha ujamaa kule Usinge. Basi ikahamia. Siku ya Saba Saba wote wakatokea jukwaani na majembe mabegani wakiimba, na Imakulata akalikabidhi tenga kwa mwenyekiti wa kijiji, kuku wa wote.

Bibi akasimama katikati ya watu. Alisema kwa sauti kwamba kuku huyo si wa kijiji, ni wake, alimbeba mwenyewe kichwani toka Kasongo, na kama wanataka kuku wa ujamaa wakamtafute wao. Watu walicheka mpaka waimbaji wakashindwa kuimba. Ndugu Jilala mwenyewe alikuwa anafuta machozi kwa kofia. Kesho yake asubuhi alibisha hodi kwetu, akasalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, kwa unyenyekevu kabisa, na mkononi alikuwa na mtetea. Bibi akampokea. Tunaye mpaka leo, anataga vizuri, na Bibi amempa jina la Katibu. Ndugu Jilala akipita husimama kumjulia hali mwenzake.

Sasa utajiuliza mambo yote haya yalikupitaje. Baba unamfahamu, hamsifu mtoto kabla kazi haijakamilika, anaogopa kijicho. Alisema atangoja. Na Idi ile ulipokuja kwa siku mbili, mimi nilivikusanya vitabu vyote vilivyokuwamo nyumbani nikavificha chini ya kitanda cha Bibi, kisha nikawa nakufuata nyuma kila unakokwenda, hata kwa kinyozi. Ulifurahi ukadhani nina hamu nawe sana. Nilikuwa nayo, kweli. Lakini pia nilikuwa nazuia watu. Waliokuwahi na kukupa hongera, wewe uliwaambia asante, chuo ni kigumu lakini tunajitahidi, nami nikapumua.

Ndipo mwaka huu, mwezi wa saba, zikaja Landrova mbili za wale watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Mwalimu mmoja aliyeuona mchezo alikuwa amewapelekea kitabu. Mkuu wao alivaa miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Alikuja barazani kumwamkia Bibi, na nyuma yake utingo wa gari akashusha gunia zito lililolia chuma. Bibi akauliza ni nini. Yule bwana akajibu kwamba ni minyororo ya msafara. Bibi akauliza ya kumfunga nani. Akajibiwa kwamba msafara usio na minyororo watazamaji hawatautambua.

Bibi alimwita mwanangu. Alimwambia misafara ya minyororo ilipita njia hiyo, na machozi ya watu wale yeye hayafuti, atakayetaka kuwafanyia sinema yao na afanye kwa heshima. Lakini baba yake alikuja na miguu yake, jungu mgongoni, na binti yake na kuku, na atakayemtia baba yake mnyororo atamkuta yeye Tatu amekaa mbele ya kamera na hatoki. Yule bwana alivua miwani. Minyororo ilikuja kutumika mara moja tu, kuivuta Landrova iliyozama mchangani njia ya Usinge.

Siku zile zilikuwa tamu, Kaka. Baba alishona shuka na kanzu za wapagazi arobaini kwa siku kumi na moja, na hadi leo anasikitika kwamba mishono yake haionekani kwa mbali. Bibi alimfundisha Imakulata kutembea na tenga, kwamba shingo ndiyo inayobeba, mkono ni wa kusalimia watu njiani. Kuku wa kwanza alimtoroka porini wakamkimbiza wapagazi wote arobaini, na nasikia yule bwana aliamua kuiacha sehemu hiyo humo humo. Na sura ya tisa wakaipiga. Badala ya tumbaku walimpa Imakulata jani la mwarobaini. Anasema akilala bado analisikia.

Tarehe thelathini mwezi uliopita wakaileta sinema yenyewe kutuonyesha sisi wa kwanza. Baada ya magharibi shuka kubwa jeupe lilitundikwa uwanja wa mpira, na Isevya yote ikahamia pale na mikeka. Watu walipiga kelele kila walipomwona mtu wanayemjua. Lakini Siwema alipoanza kutafuna, uwanja ukanyamaza. Baba akageuka polepole kumtazama mama yake. Bibi alikuwa anatazama mbele. Baba akamwuliza kwa sauti ya chini, Mama, na hii je? Bibi akasema hiyo ndiyo kweli. Nilidhani Baba ataondoka. Mara mabega yake yakaanza kutikisika, kumbe anacheka, akacheka mpaka kofia ikadondoka. Akawa anawaambia waliokaa karibu kwamba yeye, cherehani yake na watoto wake wote wametokana na kipande cha tumbaku.

Kwa ajili ya mwisho wa sinema walikuwa wamekwenda Kigoma kupiga picha ziwa. Kwenye shuka yakatokea maji, na nyuma ya maji, mbali, ile milima ya ng'ambo. Bibi akasimama. Akapita katikati ya watu akienda mbele, kivuli chake kikaingia majini, na vijana wakapiga kelele keti Bibi, hatuoni. Hakuketi. Alisimama karibu na shuka mpaka milima ilipozimika.

Kisha yule bwana akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba hadithi hii imeandikwa na kijana wa hapa hapa, Nassibu Lukumani. Baba akainuka kwa niaba yako. Aliinua mikono yote miwili, uwanja mzima ukapiga makofi, na Baba akalia, Kaka. Baba yetu. Mimi nilikuwa nimekaa kati ya Mama na Imakulata, nami nikapiga makofi pamoja na wengine. Viganja vyangu vinayakumbuka makofi yale hadi leo.

Asubuhi yake Bibi alimwita Baba akamwambia paa liezekwe bati. Baba alimwomba arudie. Bibi akasema baba yake alikufa akiwa bado anasema msimu ujao, bila kujua ni nani aliyemzuia. Yeye hakuwa na ujasiri wa kumwambia, basi akaziweka zile nyasi miaka yote hii, kama kumwomba radhi kila mvua inapovuja. Sasa limesemwa mbele ya Isevya nzima, na hakuna aliyekufa. Na milima ameiona. Alisema, nimesharudi, ezekeni.

Baba alipokwenda kuulizia bati, Bibi aliniita humu chumbani. Aliniambia kwamba kisa cha tumbaku kimetoka kinywani mwake mara moja tu maishani, alasiri moja ya masika, paa linavuja, yuko chini kwenye mkeka anasukwa nywele. Nassibu hakuwapo. Nassibu alikuwa JKT. Palikuwa na yeye na aliyekuwa akimsuka.

Aliyekuwa akimsuka ni mimi, Kaka. Kitabu ni changu.

Nilikianza kwa Kiingereza, kwenye daftari la shule, nikidhani hadithi ya maana huandikwa hivyo. Nikaona Bibi hazungumzi humo. Amekaa tu kama mgeni aliyevalishwa viatu vinavyombana. Nikazichana kurasa kumi na mbili, nikaanza upya kwa Kiswahili, na kabla wino haujakauka alikuwa ameshaanza kugombana na watu. Nilimaliza kwa kalamu yako uliyoiacha. Nikaipeleka hadithi ofisi ya elimu. Karani akaniuliza jina la mwandishi, nikatazama miguu yangu, na jina lililotoka likawa lako.

Ningeweza kusema niliona haya, na itakuwa kweli, lakini si yote. Nilijua nimeitoa siri ya Bibi bila kumwomba ruhusa. Kwa jina lako niliweza kukaa pembeni na ungo wangu kama msikilizaji. Nimekuvalisha kanzu ambayo hukuipima, nikamwacha Baba asimame mbele ya watu kwa ajili yake. Nisamehe.

Nilimwuliza Bibi kwa nini hakunikasirikia. Akasema alikasirika, siku ile ile niliyojificha msalani. Usiku ule alikipitia tena neno kwa neno akitafuta mahali nilipomcheka, hakupaona. Kisha akaniambia kwamba yeye alikaa na lake miaka sitini chini ya nyasi, na akaniuliza mimi langu nataka kulikalia mingapi.

Nikiri na hili la mwisho. Nilipoanza kuandika leo asubuhi nilikusudia kukusihi uende Dar es Salaam wewe, usimame, unyamaze. Ungefanya hivyo, nakujua. Lakini nimezunguka nyumba mara mbili na zaidi, na sasa niko mlangoni. Usiende, Kaka. Au nenda, lakini ukae chini, kwenye viti, unipigie makofi, maana nikiona uso ninaoujua huenda miguu ikanibeba.

Bahasha yangu nimeitoa kwenye Jiografia na sitaifunga. Nitaiweka barua hii juu ya cherehani, chini ya mkasi, mahali pa barua zote. Kumwambia Baba kwa mdomo siwezi. Ataikuta akitoka msikitini adhuhuri. Mimi unajua nitakakokuwa.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula mboga. Imakulata anakusalimu, anasema alishuku tangu mwanzo kwamba si wewe, kwa sababu hadithi ile ina mzaha. Bibi anakupa dua. Katibu ametaga leo. Usichoke kutuandikia, hata ikiwa mistari sita.

Ni mimi mdogo wako, mwandishi wa Msimu Ujao Tutarudi,

Batuli binti Lukumani

*

Mwanangu Nassibu, salamu. Nimeisoma hii mara mbili, suruali ya watu imelala kwenye mashine. Kumbe ule ukurasa wa pongezi niliukosea anwani. Unirudishie. Nitabadilisha jina tu, mengine yote yabaki kama yalivyo. Waandikie watu wa Dar leo leo. Mdogo wako bado yumo msalani, nimemtuma Bibi yako akamtoe. Bati zinafika Alhamisi. Njoo na nyundo.

Baba yako, Lukumani